Mama Aliyeongea na Mwamba

Kwa aliyelikosa gazeti la Jumapili iliyopita, habari yangu ni hii. Naitwa Ojwang. Nilizaliwa Nyatike, upande wa Kenya, nikaingia nchi hii kupitia Sirari nikiwa na begi la mgongoni na viatu vilivyotoboka. Nimevua samaki, nimebeba zege, mwisho nikaangukia kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita.

Huko nilikutana na Nkwabi, Msukuma wa Kwimba. Tulichimba duara moja, ndivyo tunavyoliita shimo la dhahabu, na tulikula sahani moja. Duara likaporomoka yeye akiwa chini. Tulimtafuta mpaka ardhi ikaanza kutembea tena, wakubwa wa machimbo wakatuamuru tuache. Yeye hakutoka, wala mwili wake haukutoka.

Muda si mrefu baadaye, kwenye duara hilo hilo, upande wa pili, nikakutana na mshipa wa dhahabu. Ndio ulionijengea nyumba juu ya mawe ya Ilemela, madirisha yote yanatazama ziwa.

Na Jumapili ile niliwaacha getini kwangu. Mama mmoja mtu mzima amesimama na kifurushi kichwani. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mimi ni Ng'washi, mama yake Nkwabi. Nimekuja kukaa alipo mwanangu."

Nilimfungulia. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mke wangu Evelina alimtandikia chumba cha wageni, shuka mpya na neti mpya. Evelina ni Mkerewe wa Nansio, amelelewa na bibi yake, mzee kwake si mzigo. Wakati huo alikuwa na mimba yetu ya kwanza, imeanza kuonekana. Akamchemshia mgeni maji ya kuoga, akamkaangia sato mkubwa, akamwekea mezani.

Mama Ng'washi alioga. Samaki hakumgusa. Alifungua kifurushi chake, akatoa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, akaomba sufuria na moto tu.

Evelina akadhani mgeni ana mwiko wa samaki. Kesho yake akapika kuku. Kuku naye akabaki mezani, na jikoni ikachemka michembe.

Hakusema kwa nini hali chakula changu. Hakuwa na haja ya kusema. Wote mnaosoma hapa mnalijua lile neno, na baadhi yenu mmelinong'ona mkinitazama nikipita: kafara. Kwamba yule Mjaluo alikuja mikono mitupu, akamtoa rafiki yake, shimo likamlipa.

Nilikwisha kulizoea neno lenyewe. Kitu ambacho sikuwahi kukizoea ni mambo madogo. Wiki ile ile nilikwenda Mabatini kununua mabomba ya maji kwa muuza vifaa niliyemfahamu tangu nikiwa kibarua wa zege. Nilipompa noti, akaniomba niziweke juu ya meza. Kisha akazisukumia kwenye droo kwa kipande cha boksi, asizishike. Alifanya hivyo kwa heshima, huku akiniulizia hali ya mke. Nilibeba mabomba yangu nikaondoka.

Nyuma ya nyumba yangu kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Fundi alitaka kulipasua wakati wa ujenzi, nikakataa kwa kuona litakuwa pambo. Mchana mmoja, baada ya kula michembe yake, Mama Ng'washi alikwenda huko, akakaa chini, akaweka kiganja juu ya jiwe, akaanza kuongea.

Aliongea Kisukuma kwa sauti ya chini, kama unavyoongea na mtu aliye chumba cha pili. Alisema kidogo, akanyamaza, kama anayesubiri ajibiwe. Kisha akaendelea.

Kisukuma changu ni cha machimboni, lakini nilimwelewa. Alikuwa anatoa habari za nyumbani. Ng'ombe mwekundu amezaa. Mjomba amefariki. Mvua imechelewa, watu wamepanda mara mbili. Mtoto wa dada yako ameanza shule na ana akili kama wewe.

Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, kisha nikamuuliza anaongea na nani.

"Na mwanangu."

"Nkwabi yuko Geita, mama."

"Mwamba ni mmoja," akasema. "Umeanzia hapa, umepita chini ya maji, umetokea kule. Wewe si mchimbaji? Hilo hulijui?"

Nilikuwa nalijua. Kila aliyewahi kushuka duara analijua. Ukiwa chini ukatulia, unamsikia mtu wa duara la jirani anavyogonga, na unaweza kumtambua kwa ugongaji wake. Kila mtu ana mapigo yake. Nkwabi alikuwa anapiga mbili nyepesi, halafu moja nzito.

Tangu siku hiyo kazi haikuendeka. Nikikaa na watu wa benki, nasikia midomo yao lakini maneno siyasikii. Nikila, natafuna polepole ili nisikie vizuri. Sikujua nasikiliza nini.

Jumapili moja Evelina na Mama Ng'washi walikwenda kanisani. Mimi nilivaa suti yangu ili niwafuate, nikatoka mlangoni, na miguu ikanipeleka nyuma ya nyumba. Jua lilikuwa kali, ziwa linametameta huko chini, ndege inashuka uwanjani. Nikalala kifudifudi, nikaweka sikio juu ya jiwe.

Mwanzoni nilisikia damu yangu mwenyewe. Kisha ikanyamaza. Kisha nikasikia, mbali sana, mbili nyepesi. Halafu moja nzito.

Sijui nililala pale muda gani. Nilipoinua macho nilimwona Evelina amesimama na Biblia yake mkononi, ananitazama nilivyojipaka vumbi suti nzima.

Alimsubiri Mama Ng'washi aingie ndani. Kisha akakaa kwenye jiwe, mbali kidogo na mimi.

"Nakuuliza mara moja, sitarudia tena," akasema. "Na jibu lako nitalichukua lilivyo. Ulimtoa?"

"Hapana."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa chini ya ardhi.

"Nimekuamini," akasema. "Ila sitazaa mtoto juu ya mtu ambaye hajazikwa. Nakwenda Nansio kwa bibi. Siku ukimzika, njoo unichukue."

Nilimpeleka bandarini mwenyewe. Aliingia kwenye meli ya Nansio na sanduku dogo, akakaa upande ambao sikuweza kumwona. Nilisimama pale mpaka meli ikawa nukta, wauza mahindi wakaanza kuniuliza kama kuna mtu nimempoteza.

Niliporudi nyumbani nilitafuta njia ya mkato. Kwetu Wajaluo, mtu akifa mwili usionekane, hatuachi kaburi wazi. Tunalitafuta tunda la mti wa yago, refu kama mkono wa mtu, tunalivisha sanda, tunalilia, tunalizika kwa jina la marehemu. Nimeona ikifanyika kwa wavuvi waliozama, na familia zikalala usingizi.

Nilimweleza Mama Ng'washi yote hayo kwa adabu. Nikamwambia nitachinja, nitaita ukoo wote wa Kwimba, nitajenga kaburi la marumaru.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu si tunda," akasema.

Nikamwambia basi anieleze anataka nini. Akasema anataka mifupa. Nikamwambia ile ardhi ni mbovu, matimba yale ya kuzuia kuta yaliwahi kuvunjika kama njiti, na kumtoa mmoja aliyekufa kunaweza kuzika watatu walio hai. Nilimwambia kwa uchungu, na nilimwambia kweli.

Akawa anachambua michembe yake kwenye ungo, hakunitazama.

"Dhahabu ulipoitaka," akasema, "ulichimba."

Nikaenda kuwasha gari.

Tulivuka daraja la Busisi asubuhi. Tangu Mwanza alikuwa amekumbatia kifurushi chake. Tulipofika katikati ya daraja, maji huku na huku, akaniuliza kama mwanawe alikuwa anaogopa.

Nikamwambia alikuwa anaogopa kila siku. Kila alipofungwa kamba alikuwa anakohoa kwanza, kama mtu anayebisha hodi, ndipo ashuke.

"Alikuwa mwoga tangu mdogo," akasema. "Alikuwa halali mpaka ashike nguo yangu." Akageukia dirisha.

Lazima niseme hapa jambo moja ili mnielewe. Tangu nipate, sikuwa nakwenda machimboni. Niliogopa lile shimo. Kazi yote niliiacha mikononi mwa msimamizi wangu, Maige, mzee wa kazi, fundi wa matimba tangu ujana wake. Vijana wengi waliokuwa pale sikuwajua hata majina. Wachimbaji ni kama nzige, wakisikia kuna dhahabu mahali pengine wanahama. Wale wa enzi zangu na Nkwabi walikwisha kutawanyika. Alibaki Maige.

Nilipomwambia tumekuja kufukua upande ulioporomoka, alivua kofia, akaivaa tena.

"Tajiri," akasema, "waache waliolala walale."

Nikamwonyesha Mama Ng'washi, ambaye tayari alikuwa amekaa juu ya karai lililogeuzwa, karibu kabisa na mdomo wa duara. Nikamwambia ndiye mama wa marehemu. Maige akaenda kumwamkia. Alisema shikamoo huku anatazama udongo, na aliitikiwa, lakini hakuinua macho.

Nilidhani ni aibu ya msiba. Mimi mwenyewe nilikuwa nayo.

Niliwaita vijana, nikawaambia kazi yenyewe na kwamba nitashuka nao. Hakuna aliyesogea. Mmoja akanijibu kwa niaba ya wenzake, kwa upole tu, kwamba tajiri aliyekaa mjini miaka yote akirudi ghafla na kutaka kushuka na watu, kila mtu anajua amekuja kuchukua wa pili. Walikuwa radhi kushika kamba na kuvuta kifusi. Kushuka na mimi hapana.

Ndipo Maige akaanza kujifunga kamba kiunoni.

"Nitashuka naye mimi," akasema. "Matimba yaliyovunjika siku ile niliyasimamisha mimi."

Basi tukashuka wawili, mimi na kitambi changu na yeye na mvi zake. Harufu ya kule chini ilikuwa ile ile, udongo mbichi na moshi wa baruti ya zamani. Kila asubuhi tulishuka, tukachimba, tukasimamisha matimba, tukachimba tena. Jioni tulipanda, viganja vyangu vikiwa na malengelenge kama vya mgeni wa kazi.

Mama Ng'washi hakuondoka mdomoni mwa duara. Alipata mafiga, akawa anapika pale pale. Siku moja nilipopanda alinisogezea bakuli la michembe. Nililila lote. Watu walikuwa wanatutazama.

Maige alizidi kuwa mzito kadiri tulivyosonga. Mara alisema upande huu haufai, twende kushoto. Mara alisema kamba imechakaa. Nilimlazimisha twende mbele, kwa sababu nilipajua mahali. Pale ndipo tulipokuwa tumeacha mara ya kwanza. Tuliyakuta hata matimba yetu ya siku zile za kumtafuta, yameoza lakini yamesimama.

Adhuhuri moja nyundo yangu ikapita. Upande wa pili kulikuwa wazi. Hewa ya baridi ikanipiga usoni.

Maige akakaa chini.

"Mimi naishia hapa," akasema.

Sikumbishia. Nilipanua tundu, nikaingia kwa kifua, tochi mkononi. Palikuwa na chumba, kikubwa kama banda la mbuzi. Nguzo moja ilikuwa imelala upande na kuzuia jiwe kubwa lisishuke. Nikasema kwa sauti, "Nkwabi, ni mimi, nimekuja," kwa sababu hivyo ndivyo unavyoingia mahali pa mtu.

Nikamulika chini. Nikamulika pembeni. Nilijiandaa kuona mifupa, na nilikuwa na blanketi jipya la kuifunga.

Hapakuwa na mifupa. Hapakuwa na nguo, hapakuwa na unywele.

Kwenye ukuta wa mbali kulikuwa na tundu lenye upana wa mabega ya mtu. Nikalisogelea. Kuta zake zilikuwa zimejaa alama za moko, ile patasi yetu ya chuma, na alama zote zilielekea nje. Kifusi chake kilikuwa kimerundikwa ndani, nyuma ya mchimbaji. Mtu aliyelichimba tundu lile hakutokea nje kuja kumtafuta mwenzake. Alikuwa humu, anachimba kutoka.

Nilipiga magoti pale nikacheka. Sijui kwa nini nilicheka. Kisha nikarudi kwa Maige, nimetoa kichwa tu kwenye tundu langu.

"Alitoka," nikamwambia.

"Alitoka," akajibu.

Akanieleza pale pale, gizani, mgongo wake kwenye mti alioupiga mwenyewe. Baada ya sisi kuamriwa tuache, alikuwa anapita karibu na duara la zamani la jirani lililoachwa, anatafuta miti. Akasikia mtu anakohoa kule chini. Alidhani ni mzimu, akataka kukimbia. Kisha mzimu ukamwita kwa jina, ukamwomba maji. Alimvuta kwa kamba peke yake. Taya lake lilikuwa limevunjika, ngozi ya shingo imechanika, lakini alikuwa hai.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Nilikuwa nalala mita chache kutoka pale, nalia.



"Alisikia nyundo zenu," akasema. "Siku zote mlizochimba alikuwa anazisikia, na yeye anagonga kuwajibu. Halafu akazisikia zinanyamaza. Akanishika mkono, akaniapisha nisikuambie. Akasema aliyemwacha chini aendelee kumwacha."

Nilikuwa na maneno ya kujitetea. Ardhi ilitembea. Tuliamriwa. Hakuna hata moja lililotoka.

"Na mama yake?" nikauliza. "Mama yake naye alimkosea nini?"

"Kwa mama alisema atakwenda mwenyewe, na alikwenda. Twende juu, tajiri. Yaliyobaki si ya kusemea huku."

Tukavutwa. Mwanga ulinipofusha. Mama Ng'washi alikuwa amesimama tayari, kanga nyeupe mkononi, aliyokuja nayo kutoka Kwimba kwa ajili ya mifupa. Vijana wote walikuwa wamesogea, maana walikwisha kusikia kwamba tumefika.

Nilimshika mikono yote miwili. Nikamwambia Nkwabi hayupo kule. Nikamwambia alitoka akiwa hai.

Nilitegemea atapiga kigelegele, au ataanguka. Alikunja ile kanga taratibu, mara mbili, mara nne, mpaka ikawa ndogo.

"Hai," akasema.

Maige akapiga magoti mbele yake. Akamwambia alimtoa mwanawe kwa mkono wake, alimficha kambini mpaka akaweza kutembea, akamsindikiza hadi njia ya Kwimba. "Alikuja kwako, mama," akasema. "Aliniambia anakuja kwako. Aliporudi hakunieleza kilichotokea huko. Alisema tu kwamba kwao wamekwisha kumzika."

Uso wa Mama Ng'washi ulibadilika. Sijawahi kuona uso ukizeeka hivyo mbele ya macho yangu. Alikaa chini, kwenye udongo, si kwenye karai.

"Nilimwona," akasema.

Mtu aliizima mashine ya karasha, ile ya kusagia mawe.

Alieleza akiwa ameinamisha kichwa, na nilisogea ili nimsikie. Ilikuwa siku ya matanga. Watu wamejaa, ng'ombe amechinjwa, wanawake wanaimba. Alitoka nyuma ya nyumba kumwaga majivu ya jikoni. Kwenye mihogo akamwona mwanawe amesimama, mweupe kwa vumbi la njia, shingo imefungwa kitambaa, mdomo umepinda. Hakusema kitu, maana taya halikuwa linafunguka vizuri. Alinyoosha mkono tu.

"Nikamrushia majivu," akasema Mama Ng'washi. "Nikamwambia, wewe umekwisha kufa, rudi ulikotoka, usituletee kifo. Akasimama kidogo. Kisha akageuka. Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Sikumwambia mtu."

Ndipo nilipoelewa alichokuwa anakifanya nyuma ya nyumba yangu kila mchana. Nilidhani anampa mwanawe habari za nyumbani. Alikuwa anambembeleza.

Nilimgeukia Maige. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, Nkwabi alikwenda wapi baada ya hapo.

"Alirudi alikotoka, kama alivyoambiwa," Maige akasema. "Mtu aliyezikwa aende wapi? Huku hakuna anayemuuliza mwenzake jina lake la kweli. Nikampa kazi. Yuko hapa, tajiri. Miaka yote hii yuko hapa, anakuchimbia wewe."

Nikawatazama vijana wangu. Wote walikuwa weupe kwa vumbi la mawe, kope mpaka midomo, wamejifunga vitambaa puani. Hakuna aliyesogea.

Mama Ng'washi aliinuka. Akaanza kupita mbele yao, mmoja mmoja. Hakuna aliyewaambia, lakini kila alipofika mbele ya mtu, mtu yule alishusha kitambaa chake, akasubiri atazamwe, na akapitwa. Alipita wote walioshika kamba. Alipita wa winchi.

Karibu na karasha alikuwapo mtu mwembamba, mabega yameinama, wenzake walimwita Yakobo. Yeye hakushusha kitambaa. Mama Ng'washi alikishusha kwa mkono wake. Taya lilikuwa limeungana vibaya, na kovu lilitoka sikioni likateremka mpaka ndani ya shati.

Akaweka kiganja chake kwenye shavu lile, kama alivyokuwa anakiweka juu ya jiwe.

"Umekosea, mama," yule mtu akasema taratibu, kwa Kisukuma. "Mimi siye."

Mama Ng'washi hakuondoa mkono. Machozi yalikuwa yanamtoka, na vumbi lote lile aliliona kama sisi, na kovu aliliona. Lakini aliwahi kumwona mwanawe akamwita mzimu, na sasa hakuyaamini tena macho yake. Akageuza kichwa, akanitafuta mimi.

"Ojwang," akasema. "Wewe ulikula naye sahani moja. Niambie. Ni yeye, au si yeye?"

Kila mtu pale akanitazama. Yule aliyeitwa Yakobo naye akanitazama.

Macho niliyajua kabla hajasema neno. Yalikuwa yananisihi nikatae. Niliwahi kumwacha chini kwa kuamriwa, na sasa alikuwa ananiomba mwenyewe, mbele ya mama yake, nimwache mara ya pili.

Mama Ng'washi akarudia swali lake.